Mstari wa Bonde la Lisele

Octave, mpimaji wa mji, alitandaza ramani mbili juu ya meza, moja juu ya nyingine, na watu tisa wa kamati wakasimama ili waone. Ya chini ilikuwa ya zamani, karatasi yake imegeuka njano kwenye mikunjo. Ya juu ilikuwa ya plastiki inayopitisha mwanga, na Octave aliichora mwenyewe wiki ile baada ya siku nne za kupima. Kwenye ramani ya zamani kijito cha Lisele kilipita katika Mangobo, moja ya komini za mji wa Kisangani, kimenyooka kama kilichorwa kwa rula. Kwenye ramani mpya kijito kilipinda vibaya, na ndani ya ule mpindo vilikuwamo viwanja kumi na sita.

"Donc, muangalie," Octave alisema. "Hizi parcelles kumi na sita ziko ndani ya njia ya maji. Haziko pembeni. Ziko ndani."

Papa Mahmoudi hakusimama vizuri kama wenzake. Aliinuka nusu, akaegemea meza, akaketi tena. Aliitambua ile karatasi hata kabla Octave hajaikunjua. Namba za kona zilikuwa zake, ile saba yenye kijistari katikati, na chini kabisa upande wa kulia ilikuwapo saini yake, pamoja na mwaka: 2001.

Kamati ya mipango ya ardhi ya mji ilikutana Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, katika chumba cha ghorofa ya kwanza ambacho feni yake ilizunguka pale tu umeme ulipojisikia. Humo ndimo ilimosemwa wapi pajengwe na wapi pasijengwe, nani ageuze nyumba yake kuwa duka, barabara ipite mbele ya kanisa au nyuma yake. Mahmoudi alikuwa na miaka sitini na minane na alishastaafu upimaji. Walimweka kwenye kamati kwa sababu nusu ya mitaa ya Kisangani ilipita mkononi mwake, na kila palipotokea ubishi wa mpaka watu walisema, tumwite Papa Mahmoudi, yeye anajua.

Suala la Lisele lilikuja kwao kwa sababu ya mvua ya Novemba. Maji yalipanda asubuhi moja yakabeba nyumba tatu, na katika moja ya hizo alikuwamo Bibi Émilie, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza na hakuweza kutoka. Walimpata siku ya pili, amenaswa kwenye matete.

Mwenyekiti, Madame Sandrine, aliigonga ile ramani ya zamani kwa kalamu.

"Hapa kuna saini yako, Papa," alimwambia Mahmoudi. "Lakini mimi nafanya kazi na ramani zako tangu niingie hii ofisi, na sijaona hata moja yenye kosa la mita mbili. Hii iko na kosa la mita arobaini. Bon. Mimi ninasema hii ni ya bandia. Kuna mutu aliiga saini yako akagawa bonde. Na kama ramani ni bandia, karatasi za wale batu zote ni bandia. Waondoke kwa siku thelathini, na mji hauna lazima ya kuwapa nafasi ingine."

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa njia nyepesi, na ilimpa heshima yule mzee aliyeketi nao.

"Unasemaje, Papa?"

Mahmoudi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Alijua neno la kusema. Lilikuwa neno moja tu. Lakini alisikia mdomo wake ukisema maneno mengine.

"Nipeni muda niiangalie vizuri."

"Wiki mbili," alisema Madame Sandrine, akaandika. "Halafu tutapiga kura."

Pikipiki zilimwita alipotoka nje, hakuitikia. Alitembea. Alifika mtaa wake katika komini ya Tshopo, akaona geti lake la bluu, akapita. Hakutua mpaka kwenye daraja la mto Tshopo, na hapo akasimama akitazama maji yanavyoruka chini ya bwawa la umeme, kisha akageuka akarudi kwa haraka ileile, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Hakuna aliyeiga saini yake. Mwaka ule wa 2001 vita vilikuwa vimepoa mjini, lakini kila kitu kilikuwa bado kimevunjika. Aliamriwa apime bonde la Lisele kwa siku mbili. Alikuwa na malaria. Alisimamisha mashine yake ya miguu mitatu juu kilimani, karibu na kanisa dogo la mabati, akazipima kona za juu kwa uangalifu wake wote. Chini kulikuwa na matete marefu na matope ya kufika kiunoni. Alikiona kijito mahali pawili, kwenye daraja la magogo upande wa juu na kwenye mchikichi mmoja upande wa chini. Basi akaweka nukta hapa, nukta pale, akaziunganisha kwa rula. Alijiambia angerudi akipona.

Kwa miaka mingi alijipa sababu kwamba bondeni kulisemekana kuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Ni kweli yalikuwapo. Lakini wategua mabomu walikuwa wameshapita pale miezi miwili kabla yake, na vigingi vyao vyeupe aliviona kwa macho yake.

Siku zilizofuata nyumba ilimbana. Alikula amesimama. Alitoa ramani zake za zamani kutoka kwenye sanduku la bati, akazipanga sakafuni, akazirudisha bila kuzisoma. Msikitini alipoteza hesabu ya rakaa mara mbili, na mara ya pili jirani yake Issa alimgusa bega baada ya salamu akamuuliza kama ni mgonjwa. Alisema ni miguu tu.

Mkewe Khadija hakuuliza kitu mpaka siku ya tano. Asubuhi hiyo alimkuta akipanga viatu mlangoni kwa mara ya tatu.

"Ni kitu gani?" alimwambia.

Mahmoudi alimweleza yote, tangu kilima na homa mpaka ile rula. Khadija alisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha meza.

"Miaka ishirini na ine umekaa nayo," alisema. "Hata mimi hukuniambia."

"Nilisahau. Nilijisahaulisha. Mpaka waliposema Émilie."

"Na ukisema kule, jina lako?"

"Litaenda."

"Watoto wako wanalitumia." Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Lakini yule mama alikufa. Mimi sijui nikuambie nini, Mahmoudi. Wewe njo mwenye ulikuwa kule."

Siku iliyofuata alichukua pikipiki mpaka Mangobo. Alimwambia dereva amshushe barabarani, karibu na soko, akaingia kwa miguu kwenye vichochoro, akipita wanawake waliotwanga pondu, majani ya muhogo, na mafundi waliochomelea madirisha barazani. Njia ilishuka. Kadiri ilivyoshuka ndivyo kuta zilivyoonyesha alama ya maji, kwanza kwenye msingi, kisha usawa wa magoti ya mtu, kisha juu ya madirisha.

Mama mmoja wa makamo alikuwa akifunga kwanga, mikate ya muhogo, kwenye majani mbele ya nyumba ya mwisho. Alimkaribisha kiti bila kumuuliza yeye ni nani, kwa kuwa siku hizo walipita wageni wengi wa kuangalia. Jina lake lilikuwa Alphonsine.

"Uko mutu wa serikali?"

"Nilikuwa," Mahmoudi alijibu. "Nimestaafu."

"Wanasema karatasi yangu ni ya uongo." Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi ikiwa imekunjwa mara nne. "Maji ilipokuja, nilichukua mutoto wa binti yangu na hii. Vingine vyote viliondoka. Sasa wanasema ni ya uongo. Mimi nilimuona géomètre, ule mupimaji, na macho yangu. Alisimama kule juu, karibu na kanisa. Alikuwa anatetemeka na homa. Mume wangu, Mungu amulaze, alimupelekea maji ya kunywa."

Mahmoudi alikumbuka maji yale. Kikombe cha plastiki cha rangi ya machungwa. Uso wa mwanamume hakuukumbuka.

"Alishuka huku chini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Hapana, hakushuka. Lakini ni géomètre. Tulisema anaonea na mashine."

Mama Alphonsine alirudi kwenye kwanga zake. Mikono yake ilifunga, ikakaza uzi, ikachukua jani lingine. Mahmoudi alitazama ile mikono mpaka akaona hawezi tena kukaa kwenye kile kiti. Alisimama.

"Mama, yule géomètre ni mimi."

Mikono ilisimama. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kama anayemtafuta kijana ndani ya mzee.

"Ulijua maji inapita hapa?"

"Nilijua kwamba sikushuka. Maji yanapita wapi sikujua. Ilikuwa kazi yangu kujua."

Mama Alphonsine aliinua kidevu kuelekeza upande wa kushoto, mahali palipobaki sakafu ya saruji tupu na kipande cha ukuta. "Nyumba ya Émilie ilikuwa pale."

"Ndiyo."

Mbuzi alipita, akanusa majani, akafukuzwa. Kisha Mama Alphonsine alisema jambo ambalo Mahmoudi hakulitarajia.

"Donc karatasi yangu ni ya kweli."

"Ni ya kweli."

"Utasema hivyo kule?"

"Nitasema."

"Useme kwa nguvu basi. Usiseme vile umesema sasa."

Kabla ya kuondoka Mahmoudi alivua viatu, akakunja suruali, akashuka bondeni. Aliufuata ule mpindo wa kijito kuanzia daraja, ambalo sasa lilikuwa la chuma, mpaka pale ulipokuwa mchikichi. Matope yalimfika gotini, si kiunoni. Alitazama saa alipoanza na alipomaliza. Ilimchukua dakika ishirini na tano.

Alhamisi ilipofika umeme haukuwapo, na madirisha yote yalikuwa wazi. Madame Sandrine alisoma ajenda haraka. Kulikuwa na kituo cha mafuta kilichotaka kujengwa karibu na shule, wakakikataa. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyetaka kusogeza ukuta wake barabarani, wakaahirisha ombi lake. Mahmoudi alibadilisha mkao mara nyingi mpaka kiti kikaanza kulia.

"Lisele," alisema Madame Sandrine hatimaye. "Papa, umeiangalia ramani?"

Mahmoudi alisimama. Haikuwa desturi yao kusimama wakizungumza.

"Ramani si bandia," alisema, kisha akakumbuka, akasema tena kwa nguvu. "Ramani hii niliichora mimi. Saini ni yangu. Sikushuka bondeni. Niliona kijito mahali pawili nikavuta mstari katikati, nikatia saini kama nimepima. Hakuna aliyenidanganya wala aliyenilazimisha. Watu wale waliamini kazi yangu, na karatasi zao zimetoka kwenye kazi hiyo."

Octave, ambaye alijifunza upimaji kwa Mahmoudi akiwa kijana wa chuo, aliinamia ramani yake kana kwamba amepoteza namba fulani humo.

"Papa," alisema Madame Sandrine polepole, "unafahamu unachosema?"

"Nafahamu."

"Ulikuwa mugonjwa leo asubuhi? Umelala?"

"Sijalala vizuri kwa wiki mbili, Madame. Lakini siko mugonjwa."

Aliyezungumza baadaye ni Désiré, mwanasheria wa kamati, mtu mkavu ambaye Mahmoudi hakuwahi kumpenda. "Alors, mambo yamegeuka," alisema. "Kama ramani ilitoka kwa mupimaji wa kweli, hawa batu walijenga kwa nia njema. Tuna lazima ya kuwapa ardhi. Na tena, Papa, nisamehe. Mutu alikufa. Siwezi kuandika hii kwenye ripoti halafu nisitume nakala kwa mahakama."

"Tuma," alisema Mahmoudi.

Walibishana zaidi ya saa moja. Mmoja alisema mji hauna ardhi ya kutoa. Mwingine alisema mzee anajitwisha mzigo kwa huruma, asisikilizwe. Désiré aliwauliza kama wanataka kuandika kwamba mtu mwenyewe anaikubali saini yake na kamati inaikataa. Walipiga kura kwa mikono. Mahmoudi aliombwa asipige. Watano waliunga mkono, watatu walipinga, na Madame Sandrine alikuwa mmoja wa wale watatu. Hakumtazama usoni alipokusanya makaratasi.

Uamuzi uliandikwa hivi: nyumba zote za mpindoni zingevunjwa, na hakuna atakayejenga tena humo. Wenye karatasi zilizotokana na ile ramani, ambao walikuwa familia kumi na moja, wangepewa viwanja barabara ya Buta, kwenye kilometa ya kumi na mbili. Wale watano waliobaki, waliopewa nafasi baadaye kwa mdomo tu, faili lao lingesubiri. Kiti cha Mahmoudi kilitangazwa kuwa wazi kuanzia siku hiyo. Barua ya kumwondoa ilimfikia nyumbani Jumatatu, ina mihuri miwili.

Alikwenda mwenyewe kumwambia Mama Alphonsine. Alikuta ameshasikia.

"Kilometa kumi na mbili," alisema yule mama. "Nani atanunua kwanga yangu kule porini?"

Hakumshukuru. Mahmoudi alipokuwa akipanda kilima ndipo alipogundua kwamba alikuwa akisubiri ashukuriwe, na uso ukamwaka kwa aibu.

Mjini habari zilitembea. Msikitini walimsalimia kama kawaida, ila salamu zilikuwa fupi. Mtu aliyekuwa amemwomba aje aangalie mpaka wa shamba lake alituma ujumbe kwamba amepata mwingine. Binti yake Aïcha alipiga simu kutoka Bunia, akalia kidogo, kisha akauliza kama anakula.

Wiki ya tatu alikuja mtu mlangoni, mwanamume mrefu mwenye shati lililofungwa mpaka kooni. Alijitambulisha kuwa Nephtali, mtoto wa Bibi Émilie. Khadija alimkaribisha, akaleta chai, akaondoka. Nephtali hakuigusa. Alikaa na mikono katikati ya magoti.

"Nimesikia uko na ramani," alisema.

"Nina nakala."

"Nionyeshe."

Mahmoudi aliitandaza kwenye meza ndogo, akisogeza kikombe. Nephtali aliinama.

"Nyumba ya mama iko wapi hapa?"

Mahmoudi aliweka kidole kwenye kiwanja cha tisa.

"Na maji, vile iko kweli?"

Mahmoudi alichukua kalamu ya risasi. Alichora mpindo polepole, kama alivyouona kwa miguu yake, na kalamu ikapita katikati ya kiwanja cha tisa. Nephtali alitazama mstari ule kwa muda mrefu. Kisha aliuliza kama anaweza kuichukua ile karatasi, Mahmoudi akamkunjia, naye akaiweka kwenye mfuko wa shati akaondoka. Hakusema kwamba amesamehe wala kwamba hatasamehe. Khadija alipokuja kuchukua chai alimkuta mumewe bado amesimama mlangoni, anatazama barabara ambayo mgeni alishaipita zamani.

Uhamisho ulianza mwezi wa pili. Baiskeli za toleka, zile za kukodi, zilipanda kilima zikiwa na mabati yaliyokunjwa, milango, masufuria yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Mahmoudi alikwenda kusaidia siku moja, na wengine walimwachia vitu abebe na wengine hawakumwachia. Octave alikuwapo na orodha yake. Walikuwa hawajazungumza tangu ile Alhamisi. Octave alimsogelea mchana, jua likiwa kali, akampa chupa ya maji.

"Papa, nina swali."

"Uliza."

"Huo mwaka, na ile homa, ulichora ramani ngapi?"

Mahmoudi alikunywa kwanza. Lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilizunguka tangu Novemba bila kuligusa.

"Saba," alisema.

"Na hizo sita?"

"Nyingine nilishuka. Nyingine sikumbuki."

Octave aliandika kitu pembeni mwa orodha, akakifuta. "Kamati haitanipa siku za kwenda kuziangalia zote. Wana mambo mengi."

"Mimi nina siku," Mahmoudi alisema.

Kesho yake alfajiri alimwomba Khadija mabuti ya mpira ya shemeji yake. Alitoa kwenye sanduku la bati ramani ya pili ya mwaka ule, ya bonde moja katika komini ya Kabondo, akaifunga ndani ya plastiki, akapanda pikipiki. Huko hakuna aliyemjua. Aliwaambia watu kwamba anafuata maji, wakamwacha apite nyuma ya vyoo na kwenye bustani za mchicha wa lengalenga. Alitembea na ramani mkononi, akihesabu hatua, akisimama kila kona kulinganisha. Hapa kijito kinapinda. Karatasi nayo ilipinda. Pale kuna jiwe kubwa, na kwenye karatasi jiwe lilikuwapo. Kumbe huku alishuka. Hakukumbuka kushuka, lakini alishuka.

Alifika mwisho saa nne, akakaa juu ya tofali lililovunjika, akamwaga maji yaliyoingia kwenye buti. Alidhani moyo ungetulia. Mama mmoja aliyekuwa akifua alimuuliza kama ameona kitu kibaya.

"Hapana, mama. Hapa ni sawa."

"Mbona basi unafanya uso hivyo?"

Alivaa buti, akauliza njia fupi ya kutokea barabarani. Zilibaki ramani tano za kukagua, na upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto mkubwa, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.